Tortellini za Shangazi Mgonjwa

Jumatatu, 4 Novemba

Ukungu. Goti linauma. Lakini wiki hii ni ya kihistoria, kwa hiyo naandika.

Jumapili Undugu wa Tortellino, chama cha wapenzi wa chakula hicho hapa mjini Castelrovo, unachagua Mkuu mpya. Wagombea tuko wawili: mimi, Ermete Zanasi, mpima ardhi mstaafu, na Oddone Bertocchi, mwenye bucha, mtu asiye na shingo. Naitaka ile kofia nyekundu ya Mkuu. Nimeitaka miaka kumi na tisa. Nasema waziwazi, daftari hili nalisoma peke yangu.

Kanuni ni hii: kila mgombea anawalisha ndugu tortellini, vile vitambi vidogo vinavyojazwa nyama na kukunjwa kwenye ncha ya kidole, zilizotengenezwa nyumbani kwake, ndani ya supu ya jogoo. Za kwangu, katika karamu zote za Undugu, hutengenezwa na dada yangu Iolanda. Tunaishi pamoja tangu mama afariki. Yeye hukanda, husukuma, hukata, hujaza, hukunja. Mimi husimamia. Ipo pia Kanuni ya Kidole: ndugu yeyote akitilia shaka, anaweza kudai mgombea akunje tortellino moja mbele ya wote, kwa kidole chake mwenyewe. Haijadaiwa tangu kabla sijazaliwa. Ndugu ni watu wa adabu.

Sasa fursa. Fedora Gavioli, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, amefungua mgahawa usiopika nyama. Hapa! Katika mji ambao nguruwe anaheshimiwa kuliko diwani! Bila shaka ana mafuta ya nguruwe yaliyofichwa chunguni. Nitamfumania, Undugu utaniona mlinzi wa mila, kura zitamiminika. Mpango hauna tundu.

Iolanda katoka tena saa moja asubuhi. Kanisani, anasema, novena ya kumwombea mama. Wiki ya tatu hii. Nijuavyo novena ni siku tisa, lakini mambo ya dini namwachia yeye.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda kwa Fedora kwa siri. Kofia, skafu mpaka puani, miwani ya jua. Fedora akanipokea mlangoni: "Karibu Bwana Ermete! Jua limekuchoma wapi katika ukungu huu?" Nikamwambia macho yangu ni mepesi kuumizwa na mwanga. Akanikalisha dirishani, nionekane na mji mzima. Mwanamke hatari.

Nikaagiza tambi pana za uyoga. Nikatafuta nyama. Sikuiona. Nikatafuta mpaka chini ya sahani, kwa mkate. Ushahidi haukutosha, ikabidi niagize sahani ya pili. Hapo pia hapakuwa na kitu. Nikaagiza boga la kuoka ili kukamilisha uchunguzi.

Lazima niwe mkweli kama mtaalamu: unga ule umesukumwa mwembamba kiasi kwamba ukiunyanyua unauona mnara wa kanisa upande wa pili. Mkono kama huo sikujua umebaki mjini, ukiacha wa kwetu. Nikamuuliza Fedora kampata wapi mpishi wa tambi. Akacheka, akasema nimuulize Mungu, kwani mpishi wake aliwaambia watu anakwenda kusali. Sikuelewa. Walimu wa hesabu hupenda mafumbo.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempata! Usiku kucha nilifikiri, alfajiri jibu likaja. Jibini! Jibini letu kubwa gumu hugandishwa kwa maji ya tumbo la ndama. Kila mtu hapa anajua, ila hakuna anayekumbuka. Na Fedora analinyunyiza kila mahali!

Saa sita na nusu nikasimama katikati ya mgahawa. Meza zote zimejaa. Nikanyoosha kidole: "Mabibi na mabwana, kuna ndama ndani ya sahani zenu!" Fedora akatoka taratibu akifuta mikono. Akaeleza kwamba jibini lake si lile, linatoka kwa mfugaji mmoja wa mlimani anayegandisha maziwa kwa maua ya mbigili. Akaleta bonge zima, na karatasi ya mfugaji. Akanikaribisha jikoni nikague mwenyewe, nimwone na mpishi. Nikakataa. Mvuke unadhuru kifua changu.

Nilipokuwa narudi kitini nikaona gazeti limesimama lenyewe kwenye meza ya pembeni, na mchuzi wa spinachi unadondoka chini yake. Nikalishusha. Oddone! Mwenye bucha! Na kitambaa shingoni, pale ambapo shingo ingekuwa!

"Napeleleza," akasema.

"Na mimi napeleleza," nikasema.

Tukakubaliana kwamba wapelelezi hawasemani. Akanishauri nijaribu spinachi. Nikajaribu. Adui ni adui, lakini ana ulimi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeshinda nyumbani nikitunga hotuba ya kupokea kofia. Kurasa saba. Iolanda aliongea wakati wa chakula, kuhusu Jumapili, kuhusu kazi, kitu kama hicho. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa natafuta neno zuri kuliko "unyenyekevu".

Ijumaa, 8 Novemba

Balaa. Nimeuliza tortellini zimefikia wapi, Iolanda akasema hazijafika popote. Hatazitengeneza. Anasema aliniambia jana mezani, mara mbili, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Nikauliza kwa nini, akaniambia. Ni yeye! Mpishi wa Fedora ni Iolanda! Hakuna novena. Wiki tatu amesukuma unga kule, analipwa, ana aproni yenye jina lake. Jumapili wana karamu ya ubatizo mchana na meza zimejaa jioni.

Nilikaa kitini. Niliumia, sitaficha. Nikamwambia amemsaliti kaka yake. Akanisikiliza mpaka mwisho akikunja vitambaa. Kisha akasema hivi: kesho mgahawa ukifungwa baada ya mchana, ataniandalia tortellini zote, hata akeshe. Sharti moja. Jumapili nisimame mbele ya Undugu niseme ni mkono wa nani umewalisha miaka thelathini.

"Basi tu?" nikauliza.

"Basi tu, kaka. Jina langu. Mara moja."

Nikamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Nikisema hivyo kofia wataniuliza naidai kwa lipi? Isitoshe kanuni inataka mkono wa nyumba ya mgombea, na yeye anaishi nyumbani kwangu, kwa hiyo mkono ni wa nyumba.

Akaweka vitambaa kabatini. "Basi nyumba ipike," akasema, akaenda kulala.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimetengeneza mwenyewe. Ni kazi ya mikono tu, nimepima mashamba makubwa kuliko ubao wa unga. Mayai kumi. Unga mpaka kwenye nyusi. Tortellini za Castelrovo hutakiwa ziingie kumi katika kijiko kimoja. Ya kwangu ya kwanza ilihitaji bakuli. Ya pili ilifunguka. Ya tatu ilinasa kidoleni mpaka nikaikata kwa mkasi.

Mpango mpya. Mchana nikaenda mlango wa nyuma wa Fedora, anakouza tambi mbichi za kwenda kupika nyumbani. Nikaomba kilo mbili za tortellini ndogo, kwa ajili ya shangazi yetu mgonjwa. Fedora akanionya kuwa zina boga ndani, si nyama. Nikasema shangazi amekatazwa nyama. Moyoni nikajua supu ya jogoo itafunika kila kitu.

Aliyekuja kuzifunga ni Iolanda. Unga mpaka viwikoni. Shangazi yetu wa pekee alifariki mwaka wa tisini na nane, tulibeba jeneza wote. Akapima, akafunga, akafunga na uzi juu. Akanikabidhi.

"Msalimie shangazi," akasema.

Nikaahidi.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika kabla sijavua viatu.

Karamu ilianza saa kumi na moja jioni, kwa sababu ya umri wa ndugu. Nilipamba meza yangu vizuri: ubao, fimbo ya mama ya kusukumia unga, donge langu la unga la jana na bakuli la nyama ya kujazia, ili wote waone kuwa kwangu kunakandwa. Wazo zuri sana, nilidhani.

Zikapakuliwa tortellini, za kwangu kwanza. Mzee Nevio, mwenye miaka themanini na minane, akaonja ya kwanza. Akafumba macho. Machozi! Akasema huo ni mkono wa marehemu Celestina, mama yetu. Nikagusa hotuba mfukoni. Ndipo Oddone akaruka: "Boga! Hizi ni za Fedora! Boga, kungumanga na jibini la mbigili, nazijua!"

"Umezijulia wapi?" Mzee Nevio akauliza.

Oddone akajaza supu mdomoni. Katibu akainamia sahani. Mzee akasema ambaye hajawahi kula kwa Fedora anyooshe mkono. Ndugu ishirini na wawili, na hakuna aliyenyoosha. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mikono yake.

"Haya," akasema, "hilo tuliache. Mkono huu ni wa nani?"

Wote wakanigeukia. Hapo nikamwona Iolanda mlangoni, amevaa koti, katikati ya zamu zake mbili. Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja. Neno moja tu lingetosha, na nililiona, lilikuwa pale kwenye ulimi.

Nikasema: "Ni mkono wa nyumba yangu."

"Nyumba haina kidole, Ermete," akasema Mzee Nevio. "Lete chako."

Kanuni ya Kidole! Na donge lipo mezani, nimelileta mwenyewe! Nikakata, nikajaza, nikakunja. Ikanasa. Nikavuta. Ikachanika. Katibu akanisaidia kuitoa kwa uma. Oddone akacheka mpaka Mzee akamwambia naye alete chake. Kidole cha Oddone ni kama soseji, tortellino haikupita hata ukucha. Akasema mke wake ana mafua.

Iolanda akaja mezani. Hakuvua koti. Akapitisha fimbo juu ya donge langu baya mara kadhaa, likatulia kama mtoto aliyeitwa na mama yake. Akakata, akajaza, akakunja moja, akaiweka katika kiganja cha Mzee Nevio. Ilikuwa ndogo kuliko kifungo. Kisha akafuta fimbo ya mama kwa kitambaa, akaitia chini ya kwapa, akasema samahanini, nina meza zinaningoja.

Kofia imefungiwa kabatini mpaka mwakani. Ndugu wakachukua makoti, wakatoka nyuma yake, wote, kwenda kwa Fedora. Hata Oddone. Mimi nikabaki na sufuria. Nilikula sahani nne. Zilikuwa tamu. Nilijisikia vibaya sana, nadhani ni boga.

Jumatatu, 11 Novemba

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Martino, siku ambayo huku watu huhama nyumba. Iolanda amehama. Ana chumba juu ya mgahawa. Amechukua shuka zake na picha ya mama. Ameniachia karatasi: supu ipo kwenye jokofu, usiichemshe mara mbili.

Nyumba iko kimya. Nilikaa kitandani kwake kwa muda. Sikuupenda ukimya ule. Niliwaza maisha yangu yote, kwa uaminifu, nikijiuliza ni wapi nilikosea.

Nimepaona. Lile donge! Nisingelipeleka, wangedai kidole juu ya nini? Mwakani hakuna donge, na mkono wangu wa kulia utakuwa na plasta toka bega mpaka kucha. Nani atamdai kidole majeruhi?

Kimebaki kitu kimoja kidogo. Nimemwandikia binamu yetu Argia, mjane, kule Carpi. Nimemwambia nimemkumbuka sana, damu ni damu, na hapa kuna chumba kitupu chenye dirisha la bustanini. Aje akae na mimi tuzeeke pamoja. Na asisahau kuja na fimbo yake ya kusukumia unga.