Ndama wa Radi Kavu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Ulimi umeponza kichwa. Jana kwenye kikao cha chama chetu cha wapenda santuri, mwenzetu Évode alitangaza kwamba bendi ya Radi Kavu wanatimiza miaka hamsini tangu watoe santuri yao ya kwanza, kwa hiyo lazima tuisikilize pamoja. Akaangalia huku na huku. Akauliza kwa upole kama mimi, Gasana, bado ninayo ile nakala ya asili ninayoitaja miaka yote. Upole wa Évode ni upole wa paka kwa panya. Nikasema ninayo. Nikasema pia kwamba sherehe itafanyika kwangu, Niboye, hapa Kigali, Jumapili ya tarehe 24. Hilo la pili hakuna aliyeniuliza.

Sina. Sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa na kaseti, Mwanza, ujanani, ikaliwa na redio ya mjomba.

Lakini naijua yote kwa moyo. Wimbo wa kwanza unaanza na ngoma peke yake, muda mrefu, mpaka unadhani wenzake wamechelewa kufika. Halafu gitaa, linakwaruza kama bati linaloburutwa. Halafu besi. Halafu yule mwimbaji ambaye hajui kuimba na wala hajali. Vijana wanne wa Mwanza, 1975! Suruali za bugaluu, viatu vya raizoni vya soli nene, afro zilizochomekwa vichana. Walirekodi kwenye chumba cha kwaya, kwaya ikisubiri mlangoni. Upande wa pili kuna mahali unawasikia wanacheka, na hawakukikata kile kicheko. Vijana wa zama zile waliamini kesho itakuwa nzuri kuliko leo, na inasikika.

Évode yeye anashabikia santuri yao ya pili. Ile ya violini. Nimeshasema mbele ya watu kwamba ule si muziki wa roki, ni muziki wa kumsubiria daktari wa meno. Nimesema mara nyingi. Sasa sherehe ikikosa santuri, nitaitwa mwongo na yeye atapiga violini zake sebuleni kwangu. Bora nihame.

Jumatano, 13 Agosti

Mpango wa kwanza umekufa. Ulikuwa mzuri sana. Nilichapisha jalada la Radi Kavu kutoka mtandaoni, nikalichovya kwenye chai ya rangi ili lizeeke, nikatia ndani santuri ya kwaya ya Winifred. Siku yenyewe ningeomba Mungu umeme ukatike. Winifred ni mke wangu. Amekulia Kampala na hana heshima kwa gitaa. Alikuta kwaya yake inanuka tangawizi. Alisema njia ya mwongo ni fupi. Alisema na mengine, siyaandiki.

Alipopoa akanihurumia. Akaniambia yuko mama mmoja wa Ndera anayesali naye, Mukarugwiza, aliyekuwa na ukumbi wa dansi Bukoba enzi hizo. Alirudi Rwanda na ng'ombe wake na sanduku la santuri. Nikambusu. Akafuta shavu.

Nimewaza mchana kutwa. Kununua hapana, watu wa namna ile hawauzi. Kuazima hapana, aliyeazima hurudisha. Nitaomba kama wazee walivyoombana ng'ombe. Mnyarwanda akiombwa kwa heshima zote hukosa pa kukimbilia. Nimeona kwenye harusi, wasemaji wa pande mbili wanavyotupiana maneno. Ni maneno tu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Nimekwenda Ndera kwa pikipiki, kofia ya marehemu baba kichwani, fimbo mkononi, dumu la pombe ya ndizi mapajani. Dereva aliuliza naenda kuoa nani.

Mama Mukarugwiza alikuwa anakatia ng'ombe majani. Miaka sabini na kitu, amenyooka kuliko mimi. Nikasimama mbali kidogo, nikavua kofia. Nikasema sifa za zizi lake zimefika Niboye. Nikasema nimesikia ana ng'ombe mmoja mweusi, wa duara, mwenye tundu katikati, anayelia akiguswa na sindano.

Akaweka panga chini. Akauliza mimi ni mtoto wa nani na babu alichunga upande gani. Akaonja pombe. Akasema ni mbaya, akajimiminia tena. Kisha akanitazama machoni. "Mtoto wangu, unaomba ng'ombe kweli ama unacheza?" Nikasema naomba kweli. Akaingia ndani, akatoka nayo.

Nakala ya asili! Vijana wanne juu ya jiwe ziwani, upepo umezijaza bugaluu zao. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikapaza sauti kama wafanyavyo harusini, Yampaye inka Mukarugwiza, yaani alinipa ng'ombe Mukarugwiza. Mara tatu, ili ipendeze. Ng'ombe wa zizini wakageuka kunitazama.

Nimeipiga tangu nilipofika. Upande wa kwanza, wa pili, wa kwanza tena. Ngoma ile ile. Nimecheza sebuleni na soksi mpaka Winifred naye akatikisa bega moja, akadai alikuwa anajikuna. Hakuna mtu mwenye furaha kama mimi wilaya nzima ya Kicukiro. Na ningependa kuona uso wa Évode.

Jumanne, 19 Agosti

Nimetoka kuoga, nikamkuta Mama Mukarugwiza ameketi kwenye kiti changu. Amekuja kumwona ng'ombe wake.

Ikabidi nielezwe, na Winifred ndiye aliyenieleza, kwa raha zake zote. Mimi nimezaliwa mjini. Baba alikuwa fundi saa. Ng'ombe nilimjua kwenye sahani. Kumbe aliyepewa ng'ombe hajamaliza shughuli, ndiyo ameianza! Aliyetoa anaweza kuja kumtazama wakati wowote. Jina lake hutajwa kila ng'ombe anaposifiwa. Na ng'ombe akizaa, ndama jike hurudi kwake. Hayo yote nimeyakubali kwa sauti kubwa, mara tatu.

Mama akauliza, "Sasa ng'ombe yangu inalala wapi?" Nikamwonyesha, juu ya kabati, kando ya pasi. Alitikisa kichwa kwa huzuni. Akaifuta kwa kitenge chake, polepole, akataka kuisikia. Aliisikiliza amefumba macho. Ilipokwisha akayafumbua. "Hii ng'ombe iko na miaka hamsini. Na mpaka leo haijazaa?"

Winifred alilazimika kutoka nje.

Nikampa flashi yenye nyimbo zote kumi. Akaigeuzageuza, akasema haina hata mkia. Ndama ni damu moja na mama yake, akasema, kwa hiyo anataka santuri nyingine ya Radi Kavu, nzima, ya kushikika. Asipoipata kabla ya sherehe, ng'ombe anarudi Ndera Jumapili hiyo hiyo asubuhi. Alisema bila hasira, akimalizia chai.

Ya violini! Kigali yote namjua mtu mmoja tu aliye nayo. Anazo nakala tatu, kwa kiburi.

Alhamisi, 21 Agosti

Évode alikuwa ananisubiri. Winifred anakana kumpigia simu, na anakana huku anacheka. Mwalimu mstaafu wa Kifaransa yule alivaa suti ya kanisani, akaketi barazani kwake, na wanachama wote amewapanga kwenye viti wawe mashahidi. "Karibu, muzee," akasema. "Nasikia weye iko natafuta ng'ombe."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikavua kofia, nikaomba. Akanijibu kwamba ng'ombe haombwi na mtu asiyemsifu, kwa hiyo nimsifu kwanza. Nikasifu violini. Nikasema ni nyingi. Akasema haitoshi. Akaiweka santuri kwenye mashine, akanikalisha karibu na spika, wote wananitazama.

Sasa naandika jambo ambalo Évode asilijue kamwe. Wimbo wa tatu, violini zinapanda, na chini yake ile ngoma ya Mwanza bado ipo. Imetulia tu. Imekuwa mtu mzima. Macho yakanijaa machozi. Nikasema ni vumbi. Nikaanza kusifu upya, na safari hii maneno yalikuja yenyewe. Évode akaacha kutabasamu. Alionekana mpweke kidogo, baada ya kukosa mtu wa kubishana naye.

Akanipa. Nikapaza sauti pale barazani, Yampaye inka Évode, mara tatu. Illuminée, katibu wetu, akanirekodi kwa simu. Kaka yangu ameshaiona video, huko Mwanza.

Jumapili, 24 Agosti

Siku njema kuliko zote tangu nioe!

Mama Mukarugwiza alifika wa kwanza. Nikamkabidhi ndama kwa mikono miwili. Akamkagua pande zote, akasema mnyama ana afya, akamweka kwenye mkoba wake. Ng'ombe akabaki kwangu. Nilitaka kulia.

Chama kizima kilikuja. Shyaka alivaa bugaluu iliyokataa kufunga kiunoni, akaifunga kwa tai. Ngoma ikaanza peke yake, ikaenda, ikaenda. Hakuna aliyekohoa. Gitaa lilipoingia, nikaona wazee wazima wanaangaliana kama wanafunzi waliotoroka shule. Illuminée akasema hajawahi kusikia ng'ombe mzuri namna hii, nami nikapaza jina la Mukarugwiza. Mwingine akasifu, nikapaza. Kufikia wimbo wa nne sauti ilikuwa imekauka.

Upande wa pili ulipofika kwenye kile kicheko, Mama naye akacheka. Akasimulia vijana wale walivyokuja kupiga kwenye ukumbi wake, Bukoba, sakafu ikatikisika, naye akaanguka kutoka juu ya raizoni zake mwenyewe, akazitupa dirishani, akacheza peku mpaka mwisho. Alipomaliza kusimulia akavua viatu. Alicheza. Akamvuta Winifred, na Winifred hakusema kwamba anajikuna.

Kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, akaja kwa ajili ya kelele. Mama akampa kiti. Akakaa mpaka santuri ikaisha, akaomba irudiwe, ila kwa sauti ya chini. Baadaye Mama akatoa ndama mkobani, tukamsikiliza naye, nikapaza jina la Évode kwa sauti iliyobaki. Évode alinishika bega. Tulicheza, mimi na yeye, sebuleni kwangu, kwenye violini. Nilifurahi. Naliandika wazi.

Nimeahidi moyoni, uongo basi. Umenichosha, na sikuuhitaji. Watu wangekuja hata kama ningesema kweli.

Jumatatu, 25 Agosti

Évode amepita asubuhi kumwona ng'ombe wake. Nikamwambia yuko Ndera. Akasema vizuri, lakini aliyeomba kwake ni mimi, kwa hiyo ndama wake anamdai kwangu. Alisema kwa upole. Illuminée na Shyaka walikuwepo, wamekuja kurudisha viti.

Ningeweza kusema sina. Neno lilikuwa pale pale mdomoni.

Nikasema asiwe na wasiwasi, ninayo santuri ya tatu ya Radi Kavu. Shyaka akakumbusha, kwa huruma, kwamba Radi Kavu walivunjika kabla ya kurekodi ya tatu. Nikamwambia ndiyo maana hii yangu ni adimu. Wamefurahi mno. Wanataka kuisikia Krismasi, hapa hapa kwangu, na Mama Mukarugwiza ataalikwa.

Muda upo wa kutosha. Vijana wale walirekodi ya kwanza huku kwaya inasubiri mlangoni, sisi tutashindwaje kurekodi ya tatu? Kule Gatsata yuko fundi wa magari anayepiga ngoma kanisani kwao, kesho nakwenda kumwona. Gitaa nitajifunza mwenyewe. Kuimba sijui, lakini kwa bendi hii hilo si tatizo.