Malalamiko Dhidi ya Kilabu cha Mvinyo cha Bibi Haselsteiner

Obergrabsdorf, 2 Oktoba

Kwa Mheshimiwa Meya Ottokar Pfandler,

Salamu nyingi, na heri ya mavuno. Ingawa nilikufundisha darasa la tatu na hesabu za kugawanya zikakushinda, nakuandikia leo kama raia anavyomwandikia kiongozi wake. Namlalamikia jirani yangu, mjane Notburga Haselsteiner, mkulima wa zabibu, ambaye kila baada ya wiki sita hutundika tawi la msonobari juu ya lango lake, ishara kwamba kilabu kiko wazi, na kuwauzia watu mvinyo wake uani kwa siku kumi na nne. Najua sheria inamruhusu. Ndiyo maana sikwenda polisi.

1. Tawi lenyewe. Mlingoti wake umepinda, na upepo wa magharibi ukivuma tawi linaning'inia mbele ya mlango wangu. Mwezi Agosti mume na mke kutoka Vienna waliingia jikoni kwangu, wakaketi. "Mzee, tuletee robo lita mbili za mvinyo mweupe na mkate wa mafuta ya nguruwe," akasema mume. Nikamwambia hapa ni nyumbani kwa mtu. "Ndiyo raha ya huku," akajibu, akavua koti. Mheshimiwa, ningefanya nini? Mvinyo sikuwa nao. Niliwapa supu yangu ya mchana, tena ya moto, wakati kila mtu anajua kilabu cha msimu hakiruhusiwi kuuza chakula chochote isipokuwa cha baridi. Kwa hiyo Bibi Haselsteiner amenifanya mvunja sheria nikiwa na miaka sabini na mitatu. Jumapili iliyofuata walirudi na wenzao watano, wakaulizia supu ileile.

2. Kicheko chake. Kinavuka ukuta. Nimezoea kukisikia kuanzia saa tisa alasiri, na hilo ningelivumilia. Lakini siku ya kumi na tano anateremsha tawi, na kimya kinachofuata si cha kibinadamu. Mwezi Juni, nikiwa bustanini, nilisikia mlio wa saa yangu ya ukutani iliyo ndani, ikabidi niisimamishe. Tangu hapo sijui muda, na nimekosa miadi miwili ya daktari wa meno.

3. Ili nisimsingizie mtu, niliamua kukusanya ushahidi. Mwezi Septemba nilikwenda uani kwake siku zote kumi na nne, nikakaa pembeni chini ya mti wa mjozi na daftari langu. Siku ya kwanza alinijia na kitambaa begani.

"Mwalimu, umekuja kula au kupeleleza?"

"Vyote viwili," nikamjibu, maana sipendi uongo.

"Basi inua daftari, mpelelezi, nipanguse meza."

Sikuona soseji hata moja iliyopashwa moto. Nyama baridi, jibini, figili, mayai ya kuchemsha yaliyopoa kabisa. Mheshimiwa, mtu asiyekosea hata mara moja kwa siku kumi na nne ana jambo anaficha. Mbaya zaidi, siku ya tisa nilikuta amebandika karatasi mezani: "Pa Mkaguzi." Hakuniomba ruhusa. Sasa wageni wananisalimia kwa cheo hicho mpaka dukani, na siwezi tena kukaa meza nyingine bila kuulizwa kama nimekasirika.

4. Suti. Kila jioni hunipitishia ukutani masalio kwenye sahani iliyofunikwa, akisema, "Chukua, Mwalimu, la sivyo kuku watayala." Nawahurumia kuku, lakini Bibi simkatalii. Matokeo yake, suti niliyovaa nikimzika marehemu mke wangu Adelgunde haifungi vifungo, nami suti nyingine sina. Mzee Kreindl, ambaye ni mgonjwa, ameniuliza kwa adabu kama asife kwanza hadi fundi aipanue.

Kwa sababu hizo, na nyingine ambazo zimejaa daftarini, naomba umwamuru Bibi Haselsteiner afunge lango lake moja kwa moja, ang'oe mlingoti, na akitaka kucheka aombe kibali kwa maandishi.

Nisalimie Mama Pfandler na watoto, karani wako, bendi ya kijiji, na Padri, ambaye pia nimemwona kule mara nne.

Wako mtiifu,
Alois Prantner, mwalimu mstaafu

Nyongeza. Nilipokuwa natafuta stempu, Bibi Haselsteiner alibisha hodi. Alikuja kuniarifu kijirani. Goti limemshinda, ngazi ya kutundikia tawi hawezi tena, na binti yake wa Linz amemshauri akodishe mizabibu na kuachana na kilabu. "Utapumzika sasa, Mwalimu," alisema. Alikaa jikoni robo saa nzima na hakucheka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, pale nilipoandika "afunge", tafadhali ongeza kwa kalamu yako ile herufi moja ndogo inayokosekana, lisomeke "afungue". Amri iwe kali, yenye mhuri, kwani ni mkaidi. Sababu zote nne zibaki kama zilivyo, ila ombi la mlingoti na la kicheko uyafute. Ngazi nimemwambia nitapanda mimi. Akaniuliza kama magoti yangu ni mazima.

Nimemdanganya.