Sista Kwenye Foleni ya Ng'ombe

Jumatatu, 14 Juni 2004. Uru.
Sista kakataa dagaa tena. Mgongo umebaki mifupa, tumbo limejaa. Nimelibonyeza: kuna kitu kigumu, ukubwa wa ndimu. Najua mkosaji. Jirani yangu Eliezeri! Anamwekea maziwa ya ng'ombe wake ili ahamie kwake. Paka wa miaka kumi na minne, bado anamtamani! Sista alikuwa wa marehemu mke wangu, Dominika. Nimebaki naye yeye tu hapa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo.

Jumanne, 15 Juni.
Alhamisi mradi wa ng'ombe wa maziwa unaleta mashine ya ultrasaundi, ile inayoonyesha tumbo kwa ndani. Ni ya kupima mimba za ng'ombe. Sina ng'ombe. Akili ninayo! Nimejaza fomu kwa katibu wa mradi: Sista, jike, mweusi, baka jeupe kifuani, miaka kumi na minne. Katibu kashangaa mbona mzee hivyo. Nikamjibu kwetu mifugo haichinjwi ovyo. Kagonga muhuri. Mjini wangeweza hilo?

Jumatano, 16 Juni.
Eliezeri kanieleza, bila kuulizwa, kwamba kwa ng'ombe kile kifaa huingizwa kwa nyuma, na mkono wa daktari hufuata hadi kwenye kiwiko. Akanionyesha kiwiko. Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 17 Juni.
Waliita Sista wa Remigius. Nikainua kikapu. Kijiji kizima kilicheka, katibu akataka kunifukuza. Daktari ni binti mdogo, Beatrice. Aliniamkia shikamoo, akamshika Sista tumbo, akaacha kutabasamu. Akasema ng'ombe wasubiri.
Zamu ilikuwa ya Eliezeri. Aliiachia, akaja kumshika Sista miguu ya mbele. Daktari alinyoa manyoya ya tumbo kwa wembe, akapaka jeli, akapitisha kifaa juu ya ngozi tu. Namshukuru Mungu. Kwenye kioo akanionyesha ukuta wa utumbo ulivyonenepa, na kando yake tezi nyeusi za mviringo, zimevimba. Nikauliza kama ni watoto. Akasema hapana, baba.
Akachoma sindano nyembamba kwenye tezi moja, akapaka alichovuta kwenye kipande cha kioo akapime mjini. Picha inaonyesha uvimbe ulipo, alisema, ila haitoshi kuutaja jina.
Njiani Eliezeri alikiri maziwa. Aliweka mara mbili, kwa kumwonea huruma alivyokonda. Sista hakuyagusa. Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia tangu Jumatatu. Nikampa kikapu abebe.

Jumamosi, 19 Juni.
Daktari kapanda mwenyewe hadi hapa. Saratani ya tezi, imeenea tumboni. Kaacha vidonge vya kumpa hamu ya kula kwa muda. Havitamponya. Wiki chache, pengine miezi miwili. Nikamuuliza kama mashine iliyozoea ng'ombe haiwezi kumkosea paka. Akasema inaweza, ndiyo maana alipima kwa sindano, na majibu ni yaleyale. Akanisihi nisimhangaishe tena. Nikae naye, nimpe anachopenda. Nikamwitikia kama mtu mzima.
Alipoondoka nililia nyuma ya banda. Siku ya kumzika Dominika nilikuwa na wageni wa kuhudumia.

Jumapili, 20 Juni.
Sista kala dagaa watatu! Nimelifikiria jambo hili misa nzima. Jumatano mashine itakuwa Tarakea, na daktari mwingine. Kule hatujulikani. Sisemi Beatrice muongo. Ila alisoma umri kwenye fomu kwanza, na ukishaambiwa mgonjwa ni mzee, utamkuta na kila ugonjwa. Eliezeri kasema huu ni upuuzi mtupu, kisha akauliza tunaondoka saa ngapi.
Fomu mpya nimeshajaza. Mbuzi, jike, mweusi. Miaka mitatu.