Tiketi Moja, Watu Wawili

Jumatatu, 3 Juni

Mpango wangu hauna doa! Tiketi moja, watu wawili. Shemeji, kaka wa mke wangu aliyekuja kututembelea akasahau kuondoka, anaingia sinema mwanzo. Yeye ni mlinzi wa usiku, hawezi kukaa hadi mwisho. Mimi fundi viatu, nachelewa kufunga kibanda. Basi wakati wa mapumziko anatoka, ananipa kipande cha tiketi na kunisimulia mwanzo harakaharaka. Bawabu huangalia kipande, haangalii sura. Naingia, namalizia. Asubuhi, kwa kinyozi, natoa hukumu ya filamu nzima.

Na sasa kuna jambo. Kinyozi kaninong'oneza kwamba mwenye sinema anatafuta mtu wa kusimama mlangoni na kipaza sauti, awaeleze watu filamu ya siku. Mshahara, na kiti cha bure! Jumamosi atakuja kunyolewa na kutusikiliza. Kazi hii ni yangu. Nani mwingine?

Jumanne, 4 Juni

Filamu ya jana: wizi wa benki. Maoni yangu: haifai. Shujaa kavuka mto, katoka na viatu vikavu. Sidanganyiki! Kizuri ni kilio cha yule mzee wa kofia, ambaye shemeji aliniambia ni baba wa bibi harusi. Harusi yenyewe sikuiona, nikadhani ilikwisha kabla sijaingia.

Nikayasema hayo kwa kinyozi. Kicheko! Kinyozi akauliza harusi gani, filamu nzima haina harusi. Mzee ndiye mwizi mkuu, analilia pesa zilizoungua. Hata mteja mwenye sabuni usoni alicheka. Niliona aibu, nikajifanya nimeitwa.

Shemeji kanidanganya makusudi. Juzi nilimwona akimsalimia mwenye sinema kwa mikono miwili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu anasema nimwache kaka yake. Ati anakesha kazini, akikaa gizani husinzia, na akizinduka husema lolote. Ndugu kulindana! Mtu atasinziaje bunduki zikilia? Jana kaniambia filamu imeanza na simba. Nikamsubiri simba hadi taa zikawaka. Ilikuwa kesi ya mirathi mahakamani.

Dawa ya moto ni moto. Kesho shemeji hana zamu kazini. Nimemwomba tubadilishane: mimi mwanzo, yeye mwisho. Kakubali upesi. Kwa nini upesi?

Ijumaa, 7 Juni

Nimefunga kibanda mapema. Mwenye raba nyeupe kanifuata hadi njiani, nikamwambia gundi haijakauka. Sijaipaka.

Filamu nzuri sana! Tajiri anaumwa, kazungukwa na jamaa wenye macho ya kijanja. Mwema ni mmoja tu, daktari wake. Viatu vimeshonwa kwa mkono, vinang'aa. Mtu wa viatu vile hana hila. Wa kuogopwa ni shemeji wa tajiri. Nawajua mashemeji.

Wakati wa mapumziko nikamwambia shemeji kinyume: daktari anamtilia mgonjwa sumu kwenye uji, nimeona kwa macho yangu. Aende akaseme upuuzi huo kesho! Akanishukuru. Alikuwa ameshinda amelala, macho makavu kabisa. Nikarudi nyumbani nacheka peke yangu. Njia ya mwongo ni fupi. Yake, namaanisha.

Jumamosi, 8 Juni

Msiba!

Mwenye sinema kitini, shuka shingoni. Nikawahi kusema: daktari ni malaika, muuaji ni shemeji mtu. Shemeji akakohoa, akasema kwa adabu kwamba yeye alimshuku daktari tangu kwenye uji. Basi chupa ya sumu ilipotolewa mwishoni ndani ya kisigino cha kile kiatu kinachong'aa, hakushangaa hata kidogo.

Kisigino! Mimi, fundi viatu!

Mwenye sinema akageuka ghafla, nusura sikio liende na wembe. Akasema huyu ana jicho. Kazi akampa palepale. Uongo niliotunga mwenyewe, waliotengeneza filamu waliupata wapi? Kuna mtu kawaambia. Moyo unaniuma kweli. Nimekosa kulia tu kama mzee wa kofia.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji yuko mlangoni na kipaza sauti. Tangazo lake la kwanza: kuanzia leo, baada ya mapumziko bawabu ataangalia kipande na sura. Akanitazama, akatabasamu.

Haidhuru. Nina mpango mpya, hauna doa! Mke wangu ataingia mwanzo, kajifunga mtandio na kuvaa miwani ya jua. Wakati wa mapumziko atavua hivyo vyote na kunivika mimi. Viatu vyake nimeshavipanua.

Kakubali bila swali. Kwa nini bila swali? Ni dada yake yule. Akiniambia kuna simba, nitajua hakuna.