Kibanio Kilichogoma Kutoka

Jumatatu, 3 Machi
Miezi saba mwanangu hajatia mguu hapa. Simu anapiga, kweli, lakini simu haina kichwa cha kupapasa. Leo nimepata akili. Ile mashine ya kukerezea mbao aliyoiacha marehemu babake ina kibanio, chuma kizito chenye meno manne kinachoushika mti ukizunguka. Kinafungwa kwenye shafti, ile fimbo inayozunguka, kama kifuniko cha chupa. Mwanangu alishanionya: kifunge kwa mkono mpaka mwisho ndipo uwashe, la sivyo kitajikaza kwa kishindo na kukitoa itakuwa balaa. Basi nimekifunga nusu, nikawasha. Kimeng'ang'ania kama kupe. Nimempigia kumwambia mashine ya babake imegoma.

Jumanne, 4 Machi
Haji. Kasema ni jambo dogo. Eti nizuie shafti isizunguke, nibane kipande kirefu cha mti kwenye yale meno, kisha niupige kwa kiganja kuelekea kwangu. Nikasema mikono haina nguvu. Kasema nimwite jirani, Fundi Baiskeli. Nikasema fundi yu mahututi kitandani, Mungu anisamehe. Papo hapo mahututi kapita dirishani, anauliza kwa sauti ya tarumbeta kama nina kiberiti. Mwanangu kauliza huyo nani. Nikasema redio.

Jumatano, 5 Machi
Fundi Baiskeli kaja na spana tatu na kiherehere. Kumbe mwanangu alimpigia kumpa pole ya ugonjwa. Mtu huyu anaishi peke yake, kwa hiyo ana muda wa kuwasaidia wasioomba. Nikampa chai. Kila akiinuka namuuliza habari za kiuno chake, anakaa tena. Vikombe vitano. Jioni kaondoka hajagusa kitu, kasema mama, leo nimezungumza kuliko mwaka mzima. Mwanangu nimemwambia hata fundi kashindwa. Atakuja Jumamosi! Nimefua mashuka yake mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha. Nilitaka kukikaza kibanio zaidi kidogo, mwanangu asije akamaliza kazi kabla chakula hakijaiva. Swichi ina njia mbili, nikaisukuma kusiko. Mashine ikazunguka kinyumenyume, kibanio kikajifungua chenyewe, kikaruka, kikabingirika hadi chini ya kabati. Kimeukosa mguu wangu kwa kidole kimoja. Nikakaa sakafuni nikalia. Mwanamke mzima analia kwa sababu kitu kimepona. Kisha nikaliona kopo la gundi kali. Nimeipaka shafti yote, sikubakiza. Kibanio kimerudi mahali pake.

Jumamosi, 8 Machi
Amekuja. Amekonda, shati halina kifungo cha pili. Kala upesi, kaingia chumba cha nyuma kwenye mashine. Nilidhani nusu saa, kisha tukae. Kamaliza saa sita nzima humo! Gundi imeshika kuliko nilivyoituma. Nimekaa mlangoni kwenye kigoda nikimsimulia ya miezi saba yote, naye kanipa mgongo, nyundo inamjibia. Nikimuuliza kitu anasema ehe mama. Nilimuuliza kama ana mchumba, kasema ehe mama. Nikamuuliza kama mimi ni mbuzi, kasema ehe mama. Yumo nyumbani kwangu na bado nimemkosa.

Jumapili, 9 Machi
Kimetoka. Alikipasha moto, gundi ikanuka nyumba nzima. Akaikwangua kwa ukucha, akautazama ukucha, akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wa panya. Hakugomba. Akanawa, akavuta kigoda, akakaa karibu nami hadi magoti yakagusana. Kasema mama, siku nyingine sema tu umenikumbuka, mimi nitakuja, usitese mashine ya baba. Nikamuuliza, na ningesema zamani ungekuja? Akainama, akapapasa pale shati lisipo na kifungo. Kasema sasa nitakuja. Nimemwapia kwamba hila zimekwisha. Kaondoka na basi la saa tisa. Sahani yake bado sijaiosha.

Jumapili, 16 Machi
Kapiga mwenyewe. Kauliza, mama, una lolote la kuniambia? Najua alichokingoja. Mtu ana kazi yake, ana maisha yake, nimwambie nini, kwamba nazungumza na masufuria? Nikamwambia mimi sijambo kabisa, ila paa la jikoni linavuja vibaya. Kasema mbona mvua haijanyesha huko mwezi mzima. Nikasema ndiyo maana nina wasiwasi. Kacheka, au kapumua, simu haikusikika vizuri. Atakuja Jumamosi kulitazama.
Nimeazima ngazi kwa Fundi Baiskeli, na msumari wa inchi nne. Bati ni gumu kuliko nilivyodhani.