Kutoka Jichoni Mpaka Kisogoni

Waheshimiwa wageni waalikwa, wakubwa wa wilaya kutoka Isingiro, mashehe wa Mbarara, wachungaji wa Nakivale, wenyeviti wa zoni, makatibu wa wenyeviti, wake wa makatibu, na ninyi mliokaa juani kwa hiari yenu: protokali zote zimezingatiwa, na ambayo haikuzingatiwa inisamehe! (Makofi.)

Mimi, Daktari wa Heshima Siraje, Mwenyekiti wa Kamati ya Mpito ya Macho na Mambo Mengineyo, nafungua leo Kliniki ya Macho ya Nakivale, ambayo implementesheni yake, kwa mujibu wa ripoti niliyoiandika mwenyewe, imefikia asilimia mia moja na tatu. (Makofi. Kikohozi.)

Kwanza, somo. Mwanga unaingia jichoni, unapita kwenye lenzi, na picha inatua nyuma ya jicho kichwa chini miguu juu. Msitishike! Mishipa inaibeba, njiani mishipa ya macho mawili inakutana, nusu ya nyuzi zinavuka upande wa pili, kama mnavyobadilisha gari pale Kabingo, kisha safari inaendelea hadi kisogoni. Kwa hiyo jicho haliamui kitu, ndugu zangu. Jicho ni wilaya tu. Kisogo ndiyo wizara! (Kicheko. Bienvenu, mkulima, anasimama: "Mheshimiwa, kliniki iko fasi gani? Miye naona tu mihogo yangu!")

Keti, Bienvenu. Mihogo hiyo ni ripoti ya wilaya. Kisogo chako ndicho hakijaidhinisha kliniki, na hilo ni tatizo lako binafsi.

Mtazameni Mama Ancilla hapa mbele. Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, picha zinakwama mlangoni. Mjukuu wake Divine ameanza kutambaa, na bibi hajawahi kumwona sura. Amelalamika? Thubutu! Amepiga makofi kuwashinda ninyi wenye macho! ("Nimetembea mbali, baba," anasema Mama Ancilla. "Munipeleke basi, niguse ukuta.")

Mleteni! Apite hapa penye utepe, katikati ya migomba miwili tuliyoisimika asubuhi, kama ilivyo desturi yetu ya sherehe. (Mama Ancilla anaukumbatia mgomba. "Ukuta ni laini," anasema akitabasamu. "Lakini iko na maji mingi, baba.")

Rangi hiyo, mama! Bado haijakauka!

Macho oyee! Kisogo oyee! (Mama Ancilla, peke yake: "Oyee!" Kisha anamuuliza jirani yake daktari anaanza siku gani.)

Asanteni wahisani, asanteni wajenzi popote mtakapopatikana. Na wewe, Bienvenu ndugu yangu, sogea nikunong'oneze: asante kwa kutuazima shamba na migomba. Yule mama ndiye mtu pekee aliyeiona kliniki yetu. Nakusihi, usimwambie kitu mpaka nifike kwangu Ruti, kule Mbarara.