Ombi la Kuandikwa Katika Orodha ya Mizigo ya Tukutuku

Kasongo, tarehe 23 Machi 1938

Kwa Bwana Administrateur wa Territoire,
hapa Kasongo.

Bwana Mkubwa,

Naanza na heshima, maana ndicho kitu pekee ninachobeba bila kuamriwa. Mimi ni Sumaili mwana wa Faradji, mwenyeji wa Kasongo, mpishi wa yule Bwana Agent anayezunguka vijiji vya njia ya Kabambare kwa tukutuku, ile baiskeli ya moto. Sisi wa jikoni tunamwita Bwana Kamba. Kama hujapata kulisikia jina hilo, basi naomba usilisikie hata leo.

Jumatatu ijayo nitasimama mbele yako kujibu kosa la kutoroka kazi safarini. Karani wako Fidèle ameninong'oneza kwamba adhabu yake ni gereza siku saba na fimbo nane. Siandiki kuomba huruma, hapana. Naandika kwa sababu ameshitakiwa asiyeweza kutoroka. Mimi ni mzigo, Bwana Mkubwa. Naomba kabla ya Jumatatu niondolewe kwenye kitabu cha wafanyakazi, niingizwe kwenye orodha ya mizigo ya tukutuku, na shitaka life lenyewe. Nitaeleza polepole, kwa namba, maana Bwana Kamba amenizoesha namba.

Lakini kwanza ujue tulikotoka. Zamani Bwana Agent alisafiri na wapagazi ishirini na wawili. Kila mmoja na sanduku lake kichwani, na mimi mpishi nyuma yao na fimbo yangu ya kutembelea, nikitembea kama mtu na watu wake. Kisha ikaja tukutuku. Wapagazi wakaambiwa wamepumzishwa, wakapelekwa kupumzika kwenye mashamba ya pamba, na polisi mmoja wa kuangalia kama wanapumzika vizuri. Watu waliondoka. Mizigo yao ishirini na miwili haikuondoka hata mmoja.

Bwana Kamba hakushtuka. Alinunua daftari. Humo amechora tukutuku, ubavuni na kwa nyuma, na kila kitu kina mahali pake na namba yake. Mfuko wa ngozi wa kushoto: makopo ya nyama na samaki. Mfuko wa ngozi wa kulia: chupa za bia kumi na mbili, zimevishwa soksi zake zisigongane. Juu ya gurudumu la nyuma sanduku la vyombo. Juu ya sanduku kitanda cha kukunja na chandarua. Juu ya kitanda, mimi. Beseni la kuogea mgongoni mwangu kama gamba la kobe, bidoni ya esansi, yale mafuta inayokunywa tukutuku, katikati ya miguu, valizi ya nguo kati ya kifua changu na mgongo wake, na taa katika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliniachia nishikie roho yangu. Nakiri kazi ni safi. Hata fundi wa makuti asingepanga vizuri hivyo. Beseni amelichora mpaka masikio yake yanaonekana. Mimi amenichora duara.

Sasa malalamiko.

1. Kufungwa. Kila kitu juu ya tukutuku kimefungwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mkanda wa ngozi na mara ya pili kwa kamba. Taa yenyewe, ambayo naishika mkononi, imefungwa kamba kwenye usukani isije ikapotea. Valizi na beseni vilifungwa kwangu mimi. Mimi tu sikufungwa. Niliomba kamba kwa adabu, mara tatu. Akanijibu kwamba mtu ana mikono. Ni kweli, Bwana Mkubwa, mtu ana mikono, na nilimwonyesha yangu ilivyojaa. Akasema nisicheze.

2. Mvua. Tulipigwa na mvua siku ya pili, mvua ile ya Machi ambayo mbuzi anabisha hodi. Bwana Kamba ana turubai nzuri sana. Inafunika sanduku, kitanda, mifuko yote miwili na bidoni. Katikati amekata tundu la duara, kama daftari linavyoagiza, na mimi natokea hapo kama uyoga. Maji yote ya Maniema yaliingilia shingoni. Tulipofika nyumba ya wapita njia, alitoa leso yake mwenyewe, akaupangusa mfuko wa ngozi, akaunusa kama umeanza kuoza, akaupaka mafuta. Kisha akanigeukia mimi ninayetetemeka, akauliza kwa nini moto haujawaka. Wallahi siku ile niliuonea wivu mfuko.

3. Uzito. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kosa lote. Bwana Kamba aliupima uzito wa kulia na wa kushoto siku ya kuondoka, ukalingana. Lakini bia hunywewa. Kila jioni chupa mbili za kulia zinakuwa tupu. Na chupa tupu huku kwetu si takataka, kila mkubwa wa kijiji anaitaka ya kutilia mafuta ya mawese. Kwa hiyo asubuhi Bwana Kamba anatoa zile chupa mbili, na mkubwa wa kijiji, kwa furaha, anatoa kuku. Kuku watafungwa wapi? Kulia ni nafasi ya chupa, imeandikwa. Basi wanafungwa kushoto, juu ya makopo. Makopo nayo hayapungui, maana nani atafungua kopo wakati kuku wapo? Umeona, Bwana Mkubwa? Kila siku kulia pepesi, kushoto pazito.

Nilimwambia tujaze maji kwenye chupa tupu. Akatazama daftari, akasema maji hayamo. Nilimwambia tuhamishe makopo mawili. Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Dawa yake ilikuwa moja: mimi nisogee kulia. Siku ya kwanza ya dawa hiyo vidole viwili. Siku ya tatu kiganja. Siku ya tano nilikuwa nimekaa na tako moja tu, na lile lingine liko nje linatazama msitu. Sikukaa kama mpishi tena. Nilikaa badala ya chupa kumi tupu. Uniambie wewe uliyesoma: kitu kinachowekwa kulia ili kushoto pasianguke kinaitwaje?

4. Kuanguka. Kulikuwa na daraja la miti, miti mitatu na mmoja wao umeoza. Tukutuku iliruka kidogo tu. Kuku waliruka pia, wakatua walipokuwa, kwa sababu walifungwa. Mimi nilikwenda kulia, kule nilikotumwa siku tano mfululizo, nikaenda mpaka mwisho wake. Valizi ikaja pamoja nami. Beseni likanigeukia juu, na ndani ya beseni nikasikia tukutuku inakwenda, inakwenda, mpaka haisikiki.

Bega langu lilitoka mahali pake. Nililala kwenye matope nikamlilia mama yangu, ambaye ni marehemu, na sioni haya kuliandika. Jua lilipopanda juu, nikasikia mlio unarudi. Moyo wangu ukafurahi! Nikasema, kumbe ananipenda, mzee huyu. Akashuka mbio, uso mwekundu, akauliza: "Valizi iko wapi?" Nikaionyesha kwa mkono mzima. Akafungua vifungo vyake kimoja kimoja, akahesabu mashati, akahema. Beseni akaligonga kwa kidole kusikia kama limepasuka. Kisha akatafuta pa kuvifunga, akaona pale nilipokuwa nakaa pamekuwa wazi, akavifunga pale, valizi na beseni, mara mbili, kwa mkanda na kwa kamba. Akasimama nyuma ya tukutuku, akafumba jicho moja. Kulia na kushoto vimelingana. Sijapata kumwona na furaha vile. Akasema: "Sasa iko sawasawa." Akaondoka.

Sikumchukia wakati ule. Nilimchukia baadaye, nilipokumbuka kwamba aligonga beseni.

5. Kodi na barua ya njia. Mzigo haulipi kodi ya kichwa, wala hauulizwi barua ya njia na kila polisi.

6. Kutoroka. Sasa tumefika. Bwana Kamba alipofika Kabambare aliandika kwamba mpishi wake ameacha kazi njiani bila ruhusa. Lakini nilifanya nini mimi? Nilifanya kila kitu kinachofanywa na mzigo ulioanguka. Nilibaki pale pale nilipoangukia. Sikusogea, sikuita mtu, nilingoja kuchukuliwa. Siku ya pili wakapita wachuuzi wa samaki wa Nyangwe, wanarudi kutoka Kabambare na vikapu vitupu. Ni watu wema, na mzigo uliookotwa hurudishwa kwenye mji ulikotoka, basi wakanibeba mpaka Kasongo, wakaniweka mlangoni kwangu. Ndiyo maana polisi Atumani alinikuta nyumbani nakula sombe ya majani ya muhogo. Alishangaa kwamba mtoro anakula kwa utulivu namna ile. Kama sanduku la vyombo lingeanguka darajani, nalo lingeletwa kwako Jumatatu? Lingepigwa fimbo nane juu ya kifuniko? Lingeulizwa lilikuwa na nia gani?

Kwa hiyo ombi langu, Bwana Mkubwa, ni dogo. Kwenye daftari mahali pangu pameshachorwa. Pale penye duara paandikwe namba, na mbele yake: mpishi, mmoja, wa zamani kidogo, bega la kulia limetengenezwa. Nimefikiri pia juu ya wajibu wangu mpya. Mzigo haupiki. Hili litamuumiza Bwana Kamba, hasa kwa mchuzi wa kuku, lakini makopo anayo, hayajaguswa. Mzigo haupigi saluti, hauamki wa kwanza, hauitwi mjinga. Ukivunjika, unatengenezwa kabla ya safari nyingine. Ukipotea, mtu anarudi. Miaka kumi na minane nimemtumikia bwana mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewahi kurudi kwa ajili yangu. Hilo tu ndilo ninalotaka, na kama njia ya kulipata ni kuwa sanduku, basi niandike sanduku.

Nakuombea afya, wewe na Madame na watoto. Nisalimie Fidèle, ambaye hajaniambia chochote. Nisalimie Atumani, na umwambie sombe ile bado ipo. Nisalimie Mama Mtawa Marie-Louise wa hospitali, aliyelirudisha bega langu na kulifunga kwa kitambaa. Katika mambo haya yote ni yeye wa kwanza kunifunga vizuri. Salamu pia kwa mlinzi wa gereza na wote walio ndani, kwa yule nyani anayefugwa posta, na kwa tukutuku, ambayo haina kosa.

Mimi wako mtiifu, nisiye na kamba,

Sumaili mwana wa Faradji, mpishi,
kwa sasa.

Nyongeza, usiku uleule. Bwana Mkubwa, barua hii usiisome. Au umeshaisoma, basi isahau.

Fidèle hakuweza kufunga mdomo. Amemwambia Bwana Kamba, aliyerudi leo kutoka Kabambare, habari ya ombi langu, na Bwana Kamba amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akatoa daftari akaandika namba kwenye duara, kumi na nne, akasema shitaka amelifuta. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru Mungu. Ndipo Fidèle akamalizia: Bwana Kamba anahamishiwa jimbo la Equateur mwezi ujao, na kila kilichomo kwenye orodha kinakwenda naye, gari la moshi mpaka Kindu, kisha meli za mto, na huko hakirudi. Nikauliza, na mke wangu? Fidèle akasema ametazama orodha yote, mwanzo mpaka mwisho. Hayumo.

Nilimsomea Hawa mke wangu barua hii, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akasema: "Weye Sumaili, miye niliolewa na mutu, mbele ya mashahidi wawili. Kama leo uko sanduku, talaka yangu nitapewa na nani? Sanduku iko na mudomo?" Akaingia ndani, akafunga mlango, na mimi naandika haya nikiwa nje.

Basi nafuta kila namba niliyoandika, na nasema kweli. Wale wa Nyangwe hawakunibeba. Wala sikungoja siku mbili. Tukutuku ilipopotea machoni niliinuka, nikatazama njia ya Kabambare, kisha nikatazama njia ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyenisukuma na hakuna aliyenifunga. Nilichagua mwenyewe, nikatembea kwa miguu yangu siku mbili na nusu, na nusu ya njia niliimba.

Usikubali shitaka lifutwe. Jumatatu nitakuja asubuhi na mapema, bila polisi. Karani aandike vizuri, asikosee hata neno moja: Sumaili, mwana wa Faradji, mume wa Hawa, mtu, alitoroka.